Flamingo wa Memsahib na Debe la Mama

Juzi vijana wawili wa kikundi cha kutunza ndege walikuja kwangu hapa Nakuru, wakavua gambuti zao kibarazani kabla ya kuingia. Walifanya hivyo kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonisumbua, maana gambuti zenyewe zilitoka ziwani moja kwa moja. Harufu ya magadi yaliyokaukia kwenye mpira, pamoja na kinyesi cha ndege, iliingia sebuleni kabla ya wenyewe. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nililiweka mezani nikakaa.

Walitaka nikazungumze kwenye mkutano wao. Yule msichana alisema, "Mathe, wewe umesoma, umekaa majuu, na umekulia kule Elementeita. Ukiongea, watu watasikia." Hapo hakukosea. Nina diploma ya maziwa niliyoipata Denmaki wakati wasichana wa rika langu walikuwa bado wanaomba ruhusa ya kwenda sokoni. Nimesimamia maabara ambamo wanaume wazima walisubiri neno langu ndipo lori la maziwa litoke. Nyumba hii ya mawe nimeijenga mwenyewe, nyumba za kupangisha kule Rhonda ni zangu, ng'ombe walioko Njoro ni wangu, na sikurithi hata kijiko. Hayo nayasema bila kuona haya, kwa sababu nimeyafanyia kazi. Lakini niliwaambia vijana wale kwamba nimechoka. Magoti yamechoka, na masikio yamechoka kusikia hotuba, hata zangu. Waliondoka na gambuti zao, harufu ikabaki. Ndiyo iliyonikalisha hapa kuwaandikia nyinyi wenzangu wa rika langu, ambao sihitaji kuwaeleza debe ni nini.

Tuliletwa Elementeita kwa lori, kutoka Kisii. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, kabla ya uhuru, na watu waliokaa katika kambi ya wafanyakazi kabla yetu walikuwa wamehamishwa. Tulikuta majivu yao bado mekoni na kamba zao za kuanikia nguo bado zimefungwa. Baba aliwekwa kwenye banda la kukamulia. Mama, kama wake wengine, aliitwa shambani kazi ilipokuwepo. Shamba liliteremka kutoka barabarani, likapita ngano na nyasi za ng'ombe, likaishia kwenye mawe meusi ya ufuo. Ziwa halikuwa na samaki wala maji ya kunywa. Upepo ukitoka huko, tulilala na ladha ya chumvi mdomoni, na nguo zilizoanikwa zilikauka zikiwa ngumu kama karatasi.

Mama yangu alikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi mashamba ya jirani: kufukuza ndege. Ngano ilipoanza kujaza maziwa ndani ya punje, wale ndege wadogo wa makundi walikuja kama moshi, na mama alipanda juu ya dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba, na debe tupu la mafuta ya taa. Wengine walipiga debe ovyo. Mama alilipiga kwa mpango: alinyamaza hadi kundi linainama kutua, ndipo alipoliachia pigo moja, kisha mawili, na sauti yake nyembamba ikifuata juu ya debe. Ndege waligeuka hewani. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani Jumamosi, maana sisi tulikuwa watu wa kanisa la Jumamosi, kanisa dogo la udongo pale kambini. Hatukufanya kazi siku ya Sabato na hatukugusa nguruwe. Nasema hatukugusa, si kwamba hatukula tu. Shamba lilikuwa na nguruwe wengi, na watoto wa kanisa letu walipita upande mwingine wa njia wasije wakarukiwa na matope ya banda lao.

Mwaka mmoja flamingo wakubwa walikuja kutaga kwenye vile visiwa vya mawe vilivyo karibu na ufuo. Hawakufanya hivyo kila mwaka. Memsahib, mke wa mwenye shamba, alikuwa mwanamke mrefu asiye na mtoto, aliyetembea na darubini shingoni kama wengine wanavyotembea na rozari. Alikuja hadi mlangoni petu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akamwita mama nje. Nilikuwa nyuma ya gauni la mama, na niliyasikia yote. Alisema ndege wake wako taabuni. Wale korongo weusi wenye kipara, wenye mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, walikuwa wakila mayai, na mwaka wa nyuma hakuna kifaranga hata mmoja aliyeokoka. Amesikia mama ndiye fundi wa ndege. Basi amlindie viota.

Mama aliuliza malipo, kwa adabu. Memsahib akaniangalia. Kule shambani hakukuwa na shule. Akasema kwamba mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana mjini ni rafiki yake, na kuna nafasi moja. Vifaranga wakitoka na kutembea, mimi nitaingia shule, na yeye mwenyewe atanipeleka kwa gari. Vifaranga wakifa, nafasi ataipata mtoto wa mpishi wake. Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayepanga viti.

Baba aliposikia jioni alicheka kidogo. Alisema hajaona mzungu anayelipa shule kwa ajili ya yai. Mama alikuwa anasugua debe lake kwa majivu.

Korongo wale sisi watoto tulikuwa tumewapa jina. Kwa sababu ya koti jeusi, shati jeupe, upara na namna ya kusimama kwa muda mrefu bila kutabasamu, tuliwaita wazee wa kanisa. Mama aliponisikia nikisema hivyo alinipiga kofi, kisha akageuza uso, na mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka.

Asubuhi ya kwanza tulikaa juu ya jiwe kubwa ufuoni. Viota vilikuwa vilima vidogo vya tope, vimebanana kama vikombe kwenye trei, na juu ya kila kimoja ndege mwekundu-mweupe amekunja miguu yake mirefu. Mzee wa kanisa mmoja alitua pembeni. Mama akasubiri, kama shambani, hadi alipoinamisha kichwa, akapiga debe. Flamingo wote wakainuka kwa pamoja. Sijaona tena kitu kama kile, na nimeona miji mikubwa ya Ulaya ikiwashwa taa za sikukuu. Kisiwa kizima kiliinuka kikawa angani, rangi ya ndani ya mdomo wa mtoto, na kelele yao ikafunika debe. Mimi nilipiga makofi. Nilidhani wamefurahi. Nilidhani hiyo ndiyo kazi, kwamba mama anawachezesha na wao wanacheza.

Tuliwachezesha hivyo siku kadhaa, na kila siku nilirudi kambini nikajisifu. Kisha Memsahib akaja na darubini yake. Alitazama kisiwani muda mrefu, halafu akampa mama naye atazame. Sikujua mama aliona nini, lakini alipoishusha ile darubini aliishika kwa mikono yote miwili, kama kitu cha moto. Memsahib alizungumza Kiswahili chake cha shambani, polepole.

"Mama, debe hii napigia nani? Ndege yangu nakwenda juu, mayai nabaki peke yake. Ile mbaya nakuja kula. Wewe naita yeye chakula."

Ndivyo ilivyokuwa. Ndege wa ngano ukimfukuza umeokoa ngano. Flamingo ukimfukuza umefungua kiota. Korongo mwenyewe hakujali debe hata kidogo. Aliruka hatua mbili akarudi kwenye mayai yasiyo na mwenyewe. Mama yangu alikuwa amefanya kwa ustadi wote kazi ile ile anayoijua, na ustadi wenyewe ndio ulioua. Memsahib alisema yaliyobaki ni nusu, na kama hayo nayo yatakwenda, basi.

Kesho yake tulikwenda bila kupiga chochote. Tulilala kifudifudi nyuma ya mawe, tumejifunika magunia, tukitazama. Niliuliza tunangoja nini. Alisema anataka kujua wale wazee wanatoka wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaita hivyo yeye mwenyewe.

Walitoka machinjioni. Kwenye pembe ya ufuo, shamba lilikuwa na banda la kuchinjia nguruwe, na kwa kuwa kambini karibu wote tulikuwa watu wa kanisa, hakuna aliyetaka matumbo. Mchinjaji, Wekesa, aliyatupa kando ya maji. Siku za kuchinja korongo walijaa pale wakipigana madomo. Siku za katikati, matumbo yakiisha, walinyoosha mabawa wakavuka kwenda kisiwani, karibu tu, kama mtu anayevuka barabara kwenda dukani. Mama alilitazama jambo hilo siku hadi siku, na mimi nikalala usingizi chini ya gunia. Halafu akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, kwamba hawa hawajaja kwa flamingo. Sisi ndio tuliowaleta, tukawaweka jirani.

Kwanza alimwomba Wekesa atupe takataka zake mbali, nyuma ya kilima, kwenye shimo la zamani walikokuwa wakichimba mawe, na atupe kidogo kila siku ili wale ndege wakae huko. Wekesa alikuwa mtu wa mzaha, Mkristo wa kanisa jingine, na alifurahi sana kutembelewa. Alisema, "Mama Moraa, nyinyi hata kivuli cha nguruwe wangu mnakiruka. Leo unataka nimpikie ndege na nimwandalie meza?" Akasema yeye analipwa kuchinja. Anayetaka matumbo yaende kilimani, haya, yako pale.

Usiku ule nilisikia mama akimwomba baba. Baba alisema mikono yake inakamua maziwa yanayokwenda mjini, na zaidi ya hayo yeye ni mtu wa kanisa. Akasema, "Na wewe pia." Nilikuwa macho, nikidhani wanabishana juu ya debe.

Asubuhi mama alivua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akakikunja, akakiweka juu ya sanduku. Akafunga gunia kichwani badala yake. Tukaenda machinjioni, mimi nikaambiwa nisimame mbali. Niliona akiinama. Alichukua matumbo kwa mikono yake, akayaweka ndani ya debe lile lile la dungu, akaliinua hadi kichwani. Wekesa, ambaye alikuwa amejiandaa kucheka, aliacha. Alimsaidia kuliweka sawa.

Siwezi kuwaeleza vizuri ile harufu, na mimi ni mtu niliyefanya kazi na maziwa yaliyooza. Debe lilikuwa na tundu dogo, na majimaji yalimshuka nyuma ya sikio, yakapita shingoni, yakaingia kwenye gauni. Alipanda kilima bila kusimama. Aliporudi alijisugua ziwani kwa maji ya magadi na mchanga hadi ngozi ya mikono ikawa nyeupe na kupasuka. Nyumbani alianza kula peke yake, kwenye sahani ya bati iliyotengwa, akikaa nje ya mlango. Nilidhani anafunga ili Mungu asaidie vifaranga. Niliona ni busara.

Na ilifaa. Korongo walichukua muda, lakini tumbo lina njia zake. Walianza kukaa kilimani juu ya mawe, wakingoja debe, na wakimwona mama walimfuata kwa miguu, na makoti yao. Kisiwani flamingo walikaa juu ya viota na hakuna aliyewainua. Memsahib aliona kupitia darubini na hakuuliza imefanyikaje. Watu kama yeye hawakuuliza.

Kambini waliuliza. Mzee Zakayo alikuwa kiongozi wa kanisa letu, fundi seremala, mtu mpole aliyetutengenezea sisi watoto magari ya mbao. Sitaki mmfikirie vibaya. Alikuja jioni akasimama mbali na mlango, kofia mkononi. Alimsalimia baba kwanza, wakaulizana habari za Kisii, za mvua, za ng'ombe. Kisha akamgeukia mama.

"Mama Moraa, watu wanasema mambo. Nimeona nije nisikie kwako. Unabeba nini kichwani kila asubuhi?"

Mama alikuwa akichambua mboga. Alisema, "Nabeba shule ya Moraa."

Mzee Zakayo alitazama chini. Akasema anajua habari ya shule, na anaiombea. Lakini kanisa lina wanawake wengine, na watoto wao wanauliza kwa nini wao wanakatazwa kugusa na Mama Moraa hakatazwi. Akamwomba aache. Mama aliuliza kama kuna mwingine atakayebeba. Mzee aligeuza kofia mkononi, maana hakukuwa na mwingine. Mama akasema mayai yamebakiza siku chache.

Sabato iliyofuata mama hakukaa mbele kwenye benchi la waimbaji. Alikaa la mwisho, kando ya mlango, na mwanamke mwingine akaanzisha wimbo, juu mno, wote wakahangaika. Nilidhani mama amechagua kukaa mlangoni ili awahi ziwani. Kisha ikaja siku ya kutawadhana miguu, ambayo kanisa letu hufanya kabla ya meza ya Bwana. Wanawake huenda upande mmoja, wawili wawili, kila mmoja anamwosha mwenzake miguu kwenye karai, kisha wanashikana mikono. Mama alivua viatu akakaa. Wanawake walipata wenzao, wakaosha, wakaondoka, wengine wakapita mbele yake wakiwa wameshika karai. Alikaa na miguu yake imewekwa sawa juu ya udongo, mtu angesema anapigwa picha. Mwishoni Mzee Zakayo mwenyewe akaleta karai, akaliweka mbele yake, akaondoka. Mama akainama akajiosha miguu.

Mimi nilimtazama kwa fahari. Nilidhani ni heshima. Wote walishirikiana, mama yangu amepewa karai lake peke yake. Niliwaambia hivyo watoto wenzangu nje, na nakumbuka walivyonitazama. Ilinichukua miaka, nikiwa nimelala katika chumba cha baridi cha wanafunzi huko Denmaki, kabla ya kuelewa nilichokiona, na nilikaa kitandani nikiwa na koti hadi kulipokucha.

Vifaranga walitoka. Walikuwa wa rangi ya majivu, wabaya, wenye miguu iliyovimba magotini, na baada ya muda waliteremka kutoka kwenye viota wakatembea kwenye maji ya kina kifupi kwa kundi moja, wakubwa wachache wakiwachunga kama walimu. Hawakuwa wengi. Wengi walikufa wakati wa debe, na hilo mama hakulisahau. Alilitaja hata akiwa mzee, bila kuulizwa. Memsahib alilia, akaifuta darubini kwa gauni, akasema gari litakuja Jumapili asubuhi niwe nimeoga. Sijui kama alipata kujua ni nini kilichobebwa kwa ajili ya ndege wake. Aliondoka nchini na wenzake baadaye, na visiwa vile flamingo huvijia mwaka mmoja wakaviacha mingine, bila kumwuliza mtu.

Watu wakinisifu, husema nimejitengeneza mwenyewe. Mimi pia husema hivyo, na sikanushi. Niliamka mapema kuliko wote, nilisoma kwa taa ya wengine, nilijifunza lugha ya watu wasiotaka nijifunze. Lakini mlango wa kwanza kabisa sikuufungua mimi, na nimefika umri ambao kuuficha ukweli huo kunanichosha kuliko kuusema.

Jumamosi ile ya mwisho, kabla ya gari kuja, Mzee Zakayo alimwambia mama kwamba kazi ya ndege sasa imekwisha na kanisa halina haja ya kumpoteza. Angesimama tu mbele ya watu, aseme alikosa, na mambo yote yangerudi: benchi, nyimbo, karai. Baba aliniambia baadaye kwamba mama alikubali kusimama. Alioga kwa sabuni ya dukani. Alifunga kile kitambaa cheupe, ambacho kilikuwa hakijatoka juu ya sanduku muda wote ule, na mikunjo yake ilionekana.

Mzee alimwita. Mama alitoka benchi la mwisho akatembea hadi mbele. Mikono yake iliyopasuka ilikuwa imeshikana tumboni. Kupitia dirisha lisilo na kioo upepo wa ziwa ulituletea magadi. Alitutazama, akaanza, akaacha. Nilidhani amesahau wimbo.

"Moraa anakwenda shule kesho," alisema. "Mwombeeni."

Akarudi akakaa mlangoni. Mzee Zakayo alibaki amesimama, akingoja sehemu iliyobaki. Hakuna aliyeinua kichwa. Mimi nilisema amina, kwa sauti kubwa, peke yangu, nikidhani wengine wote hawakusikia.